Nyumba Iliyong'olewa Mlango

Kijana wa bodaboda alizima pikipiki pale njia ilipokatika, akatazama huku, akatazama kule, kisha akaniuliza kwa ile huruma wanayowaonea wazee waliochanganyikiwa: "Mama, una hakika ni hapa? Mbona hakuna kitu?" Nikamwambia nina hakika, akae kivulini anisubiri. Akacheka, kwani kivuli chenyewe kilikuwa wapi? Miti yote imekwenda kuwa mkaa. Nikaingia kwenye shamba la mahindi la mtu nisiyemjua, viatu mkononi, nikasimama nautazama mto Malagarasi. Nilidhani ningelia. Wee, wapi! Nilijikuta nahangaika tu kutafuta mahali ulipokuwa mlango, nikipima kwa hatua kutoka kwenye jiwe tulilokuwa tukianikia mihogo, na hata jiwe lenyewe sikuliona.

Ngoja nikueleze ilikuwaje, maana hapo ndipo nilipojifunzia upweke, tena nikiwa sijatimiza umri wa kwenda shule.

Ilikuwa miaka ile ya sabini, mwanzoni mwanzoni. Sisi tulikaa Kasulu mjini, baba yangu akiwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la mfanyabiashara mmoja wa Kiislamu. Mama akajifungua mapacha. Mapacha si mchezo, mwenzangu. Mmoja akinyonya mwingine analia, na mimi katikati nadai uji wangu. Bibi, mama yake mama, alikuja kuwaona wajukuu, akakaa mpaka vitovu vikaanguka, na siku ya kuondoka akanishika mkono, akamwambia mama, "Huyu nampunguza." Hakuna aliyeniuliza. Tukapanda lori mpaka lilipoishia, halafu tukatembea. Tulivuka Malagarasi kwa kukanyaga mawe, maji ya kiangazi yakinifika magotini, tukaingia upande wa Kibondo, na pale karibu na maji ndipo ilipokuwa nyumba yake.

Njiani, kabla ya kuvuka, tulipita nyumba moja iliyokuwa wazi, haina mlango, nyasi zimeota mpaka ndani. Nilitaka kuchungulia. Bibi akanivuta kwa nguvu, akateremsha sauti: "Usichungulie. Wamemng'olea." Nikauliza wamemng'olea nini. Ndipo akanieleza desturi ya ukoo wetu, kwamba mama mwenye jiko akifa, mlango wa nyumba yake unang'olewa, na waliomlilia wananyoa nywele na kuziacha kizingitini, kisha hakuna anayerudi. "Nyumba iliyofungwa mlango ina mwenyewe, ametoka tu. Nyumba isiyo na mlango ina marehemu. Hata aliyetoka mbali akiiona hahitaji kuuliza mtu."

Nyumba ya bibi ilikuwa msonge, nyasi zikishuka mpaka karibu na ardhi, na ndani giza lenye harufu ya moshi, maharage na ngozi ya mbuzi. Mlango wake ulikuwa wa ajabu kwa sehemu zile. Wengine walifunga kwa fito zilizosukwa, lakini babu, kabla hajafa, alikuwa amechonga mlango mzima kwa ubao mmoja wa mninga. Ulikuwa mzito mno, nikiusukuma ulilia kama ndama. Babu alikuwa mtu wa nyuki. Mizinga yake ya magome ilikuwa ingali inaning'inia juu ya miti kando ya mto, na kila msimu mtu mmoja wa ng'ambo ya kilima alikuja kurina, akagawana asali na bibi, akaenda zake. Huyo ndiye aliyekuwa jirani, na moshi wa kwake tuliuona siku za mbingu safi tu.

Kazi zilikuwepo, usidhani nilikaa bure. Asubuhi nilifagia uwanja. Tuliloweka mihogo kwenye vidimbwi vya mto mpaka ikanuka, ile harufu iliyokushika mikono wiki nzima, kisha tukaimenya na kuianika juu ya jiwe pana. Mimi nikakaa na debe bovu nalipiga kufukuza nyani. Nyani wa pale walikuwa hawana adabu kabisa. Walikuwa wanakaa juu ya mti wananitazama, na nikichoka kupiga debe wanashuka. Mvua za kwanza zilileta kumbikumbi na uyoga. Bibi alijua uyoga wa kula na uyoga wa kuua, na mimi nilipewa tu kikapu. Tulikula ugali wa muhogo mweusi mweusi kwa mgagani, kwa uyoga, mara moja moja kwa kambare. Chumvi ilikuwa ya Uvinza, ilitunzwa kama dawa.

Lakini watu! Watu ndio hawakuwepo. Mtoto wa mjini mimi, niliyezoea kelele za soko, adhana, cherehani ya baba, nikawa nasikia mto tu. Mto hausemi nawe. Unasema peke yake, mchana na usiku, na ukiusikiliza sana unaona kama umesahauliwa duniani. Siku za mwanzo nililia kila jioni. Bibi hakunibembeleza. Alisema, "Lia, mwana wanje," yaani mwanangu, "lakini ukichochea moto."

Na yeye upweke ulimla, nilikuja kulijua hilo baadaye. Kwetu Uha salamu si neno la kurusha ukipita. Ni kazi. Mnashikana mikono, mnapigapiga makofi polepole, unauliza mtu ameamkaje, watoto wameamkaje, wa mbali wameamkaje, mbuzi, migomba, mguu uliokuwa unauma, na mwenzako anajibu kila kimoja kisha anaanza yeye. Sasa mtu aliyelelewa hivyo akikaa pasipo watu ataamkiana na nani? Bibi alitafuta dawa. Kila asubuhi aliniambia, "Zunguka nyumba, uje kama mgeni." Nikazunguka. Nikija upande wa pili namkuta amekaa kwenye kigoda, uso mpya kabisa, kama hajawahi kuniona. "Mwakeye!" ananiamkia kwa Kiha. Tunaanza. Ananiuliza habari za safari. Namwambia nimetoka Manyovu, njiani mvua imeninyeshea. Ananipa pole. Ananiuliza ng'ombe wangu. Namwambia amezaa. Anafurahi kweli kweli, mpaka anapiga vigelegele. Tulicheka, ndiyo, lakini siku moja nilipokataa kuzunguka kwa sababu ya baridi, alikaa kwenye kigoda chake mpaka jua likapanda, anamngoja mgeni. Sikukataa tena.

Utauliza kwa nini mama mtu mzima akae porini peke yake, na binti yake yuko Kasulu ana nyumba. Mama alimwuliza hilo mara nyingi. Jibu lilikuwa moja, mjomba.

Mjomba alikuwa mtoto wake wa kiume wa pekee. Aliondoka akiwa kijana, mama yangu bado binti mdogo hajaolewa, akafuata wenzake waliokwenda Tanga kukata mkonge. Umanamba, watu walikuwa wakiita hivyo hata baada ya mambo yenyewe kubadilika. Alisema atakaa misimu michache, arudi na mahari. Hakurudi, wala hakuleta neno. Wengine waliorudi walisema wamemwona, wengine wakasema siye, wengine wakanyamaza ule unyamazaji unaokuambia neno lenyewe. Bibi alisema, "Sikumwona amekufa. Atakuja. Na akija, nyumba anayoijua ni hii. Nikihama atanipata wapi? Dada yake ameolewa na nani, hajui. Kasulu hana mtu." Kila msimu wa asali alijaza kibuyu kimoja, akakiziba kwa nta, akakiweka juu darini. Hicho kilikuwa cha mjomba. Niliwahi kukiomba, niliambulia kofi, la pekee alilonipiga maisha yake yote.

Basi zikaja zile habari za kuhamia vijijini. Watu wote waliotawanyika waende kukaa pamoja kandokando ya barabara, wapate shule, zahanati, bomba. Kwetu aliyetumwa kutuhamisha ni balozi wa nyumba kumi. Alikuwa mtu mwema, mnene kidogo, anatokwa jasho, na nyumba zake kumi zilikuwa zimetawanyika kiasi kwamba kuzizunguka kulimla siku nzima. Naye alikuwa Muha wa kuzaliwa. Hapo ndipo bibi alipompatia.

Mara ya kwanza alifika amejitayarisha, kifua mbele. Bibi akamtolea kigoda, akamshika mikono, akaanza. Habari za nyumbani. Habari za mke. Mke mkubwa, na yule mdogo? Mama mkwe, lile jino? Akaingia kwenye mbuzi, akawauliza mmoja mmoja kwa rangi zao. Mwenzangu, mtu aliyelelewa vizuri hawezi kukatiza salamu ya mama aliyemzidi umri, angeitwa mbwa. Balozi alijibu, akafuta jasho, akajibu. Kila akifungua mdomo kusema "Bibi, nimetumwa—" bibi anasema, "Ngoja kwanza, hujaniambia ile mvua ya mawe iliwaachaje." Jua likapinda. Akaletewa togwa. Mwisho akasimama mwenyewe, akasema, "Haya bibi, mto ule nisije kuuvuka gizani, tutazungumza siku nyingine." Alipopotelea ng'ambo, bibi alijifunika uso kwa kanga, akacheka mpaka mabega yakatetemeka.

Alikuja tena, ikawa vilevile. Mimi nilikuwa nafurahi akija, nasema ukweli. Nilikuwa namtazama mdomo wake tu, mtu mwingine anayesema.

Mara ya mwisho hakuja peke yake. Alikuja na vijana wa mgambo kutoka mbali, na salamu yao ilikuwa mkono hewani, "Shikamoo bibi, fungasha." Bibi aliponyoosha mikono ili aanze, kijana mmoja alikuwa ameshaingia ndani kutoa vyungu. Balozi alitazama chini. Alisema, "Bibi, safari hii hakuna namna. Mvua zinakuja, mto utajaa."

Bibi hakugombana. Aliwaambia watoke nje wamwachie nyumba yake kidogo. Mimi nilibaki ndani naye. Alifagia. Alipanga kuni tatu kwenye mafiga kama za mtu anayetaka kupika jioni ile. Alijaza chungu maji akakifunika. Akashusha kibuyu cha asali kutoka darini, akakiweka mahali ambapo mtu akiingia atakiona. Ufagio akauegemeza ukutani, kichwa chake kikielekea ng'ambo ya mto, kwenye kijiji kipya, kumwonyesha mjomba tulikokwenda. Kisha tukatoka, akauvuta ule mlango wa mninga, ukalia, ukafunga. Akaupapasa. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Akija ataona nimetoka tu. Atakula asali, atangoja, au atavuka kunitafuta." Tukaondoka, na kwa desturi hatukugeuka nyuma. Laiti tungegeuka.

Kijijini tulipewa kiwanja, na kibanda cha nyasi mbichi kisicho na kitu. Watu walikuwa wengi, kelele, vumbi, watoto wanalia, na mimi nikajikuta mpweke zaidi ya kule, kwa sababu kila mtu alikuwa mgeni na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuamkiana. Jioni tukamwona balozi anakuja, anahema, shingo imemwingia mabegani. Kichwani amebeba mlango.

Aliutua mbele yetu kwa fahari. "Bibi, nimerudi nyuma mwenyewe kuuchukua. Mninga mzima ule! Nani aache kitu kama hicho kiliwe na mchwa? Kesho nitakuwekea hapa, utalala salama." Alikuwa anatabasamu. Paji la uso lilikuwa limechubuka kwa uzito. Yeye hakuwa wa ukoo wetu, kwao hawana desturi ile. Alikuwa ametutendea wema mkubwa kuliko mtu yeyote siku ile.

Bibi alimwambia asante mwanangu, akampa maji ya kunywa. Aliondoka amefurahi. Bibi akakaa chini kando ya ule mlango, miguu ameinyoosha, na uso wake nikauogopa. Akasema, "Wamening'olea." Baadaye kidogo akasema, "Sasa nani atamwambia niko hai?"

Alitaka kurudi kesho yake. Lakini usiku ule mbingu ilifunguka. Malagarasi ukijaa, mwenzangu, si mto tena, ni ziwa linalokwenda. Mawe ya kuvukia yalizama. Bibi alikwenda ukingoni kila alipopata upenyo wa mvua, akasimama kanga kichwani, akatazama ng'ambo, asione hata paa. Alimwambia balozi. Maskini balozi aliposikia alishika kichwa, akaomba radhi kwa kupiga magoti matopeni, mtu mzima yule. Alitafuta mtumbwi, wenye mitumbwi wakakataa, maji yale yalikuwa yamekwisha mmeza mtu. Tukangoja. Masika hiyo ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kuziona.

Maji yalipopungua tulikuwa wa kwanza kuvuka, bibi, mimi, na balozi nyuma yetu na mlango kichwani, ameng'ang'ania kuurudisha mwenyewe. Nyasi zilikuwa zimenipita urefu. Nyumba ilikuwa imesimama, lakini pale penye mlango palikuwa shimo jeusi. Nyani walikuwa wameingia. Chungu vipande vipande, mafiga yamepinduliwa, kuni zimetawanywa, kibuyu kimepasuliwa na kulambwa, ufagio sikuuona hata kijiti. Ungesema aliyekaa hapo amekufa mwaka juzi.

Na kizingitini palikuwa na nywele.

Nywele nyeusi, zimesokotwa na mvua, lakini nywele za mtu, kichwa kizima. Ndani, juu ya jiwe moja la mafiga lililorudishwa mahali pake, palikuwa na doti ya kanga mpya imekunjwa, imefungwa kwa kamba ya katani, mchwa wameshaanza kuila pembeni. Kamba ile haikusokotwa kwetu, hata mimi niliona. Ilikuwa nyeupe, laini, ya kutoka kwenye mashamba ya mkonge.

Balozi alipoona akatua mlango taratibu, akageuka upande, akaanza kulia. Mimi nikamtazama bibi, nikangoja aanguke. Bibi alichuchumaa. Akaziokota zile nywele, akazinusa. Akazitia kwenye upindo wa nguo. Halafu akacheka. Si kicheko cha kichaa, usinielewe vibaya. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyeletewa habari njema, kinatoka tumboni, mpaka nyani juu ya miti wakanyamaza. "Yu hai!" alisema. "Mnasikia? Mwanangu yu hai! Ana nywele nyingi, nyeusi, hajaota mvi. Ana fedha ya kununua kanga. Amemkumbuka mama yake. Niliyekufa ni mimi, yeye yu hai!" Akacheka tena, akatupigia vigelegele, sisi wawili tukimkodolea macho. Miaka yote ile ya kusema "atakuja", kumbe hakuwa na hakika. Kilio kilikuja baadaye, alipokuwa anaurudisha mlango mahali pake na balozi anagongagonga kwa jiwe. Alilia akisema, "Sasa hatakuja tena. Nani humtembelea marehemu?"

Kuanzia hapo alituma neno kwa kila aliyekwenda Tanga. Madereva wa malori, vijana waliokwenda kutafuta kazi, hata mhubiri mmoja. Neno lilikuwa lile lile: mwambieni mama yake hajafa. Wengine waliahidi, wengine walicheka. Hakuna lililorudi. Kila kiangazi tulivuka, tukakaa kule kwenye nyumba wiki kadhaa, yeye na mimi, tunawasha moto wa majani mabichi ili moshi uonekane. Nilikuwa nimeanza shule, nilikwenda likizo. Siku zile ndizo zilizokuwa na upweke kuliko zote, maana zamani tulikuwa tunamngoja mtu, na sasa tulimngoja mtu aliyekwisha tuaga. Aliivaa ile kanga mpaka ikawa uzi. Miguu ilipokataa kuvuka, aliendelea kukaa kijijini akitazama upande wa mto, na huko akafia, mimi nikiwa msichana mkubwa. Mlango wake hatukujua tuung'oe upi.

Miaka mingi baadaye mume wangu alipata kazi Tanga, nikahamia huko. Jirani mmoja alikuwa ananiuzia asali. Siku moja nikamwambia asali yake ina ladha ya kwetu. Akasema inarinwa na mzee mmoja wa Kiha, upande wa Korogwe, anatundika mizinga ya magome watu wanamcheka, wanamwuliza kwa nini asitengeneze ya mbao. Sikulala. Asubuhi nilipanda basi.

Nilimkuta amekaa nje ya nyumba yake, kichwa cheupe chote. Sikuhitaji kumwuliza jina, alikuwa na uso wa mama yangu. Nilimwambia mimi ni nani. Alinishika mikono muda mrefu. Kisha akaanza kunisimulia, bila kuombwa, jinsi alivyotoka Tanga akapanda malori mpaka Kahama, mpaka Kibondo, akatembea kwenye mvua, akaikuta nyumba haina mlango. Alisema alinyoa pale pale kwa wembe aliokuwa nao. Mto ulikuwa umejaa, ng'ambo hakuweza kufika, wala hakutaka, maana mwana aliyekosa mazishi ya mama yake hana uso wa kuwaamkia watu. Alisema, "Lakini nashukuru, mwanangu. Nilichelewa, ila nilimlilia. Wengine hata hilo hawakupata." Alisema kwa utulivu. Alikuwa amekaa na utulivu huo miaka yote, amelea nao watoto wake.

Na mimi nikakaa mbele yake nina neno mdomoni. Nimwambie? Nilitazama mikono yake, nikasema moyoni, mwache mzee na amani yake. Halafu nikamkumbuka bibi ukingoni, anatazama ng'ambo, na lile neno alilowatuma watu wote wale. Neno lilikuwa lake, si langu. Mimi nilikuwa mtu wa mwisho wa kulifikisha. Nikasema, "Mjomba, mama yako alinituma nikwambie hajafa."

Nilimweleza yote. Mlango, balozi, nyani. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliinuka akafungia kuku bandani, akarudi anakokota miguu. Nilijuta, nilidhani nimemuua. Mwisho akauliza kwa sauti ndogo, "Alikaa miaka mingi baada yangu?" Nikamwambia mingi. Akasema, "Basi nipe hiyo miaka. Nipe yote."

Nikampa. Nilimpa mihogo na uyoga, mgagani na chumvi ya Uvinza, kofi la kibuyu, masika na kiangazi. Alikuwa ananiuliza vitu vidogo, alikuwa analalia upande gani, alikuwa bado anaweka tumbaku sikioni. Nilipofika pale kizingitini, na nywele, na namna alivyocheka akisema mwanangu yu hai, mjomba aliinua mkono.

"Rudia hapo," alisema. "Pale alipocheka."

Nikarudia. Akafumba macho, akasema, "Tena."

Kila nilipokwenda kumwona, mpaka alipofariki, hakuniomba kitu kingine. Si fedha, si dawa, si nguo. Aliniomba hapo tu. Na siku ile nimesimama kwenye mahindi ya mtu, kijana wa bodaboda ananipigia honi twende, ndipo nilipotambua kwamba nyumba si kitu, miti si kitu, hata mlango wa mninga si kitu. Duniani amebaki mtu mmoja anayejua bibi yangu alivyocheka, na hakuna tena anayemwambia arudie.